Saruji Mbichi

Nilikuwa katibu, kwa hiyo daftari ninalo mimi.
Kurasa nne nzima ni kutafuta siku.
Jumamosi haiwezekani, alisema Yese, Msabato.
Jumapili haiwezekani, tulisema wengine wote,
na hayo yakawa makubaliano yetu ya kwanza.
Jumatano Walokole wanafunga,
Alhamisi Wakatoliki wana jumuiya,
Ijumaa ni mnada wa korosho, kila mzazi anamtaka mwanawe ghalani.
Tukabaki na Jumanne, siku isiyo na mwenyewe.

Huku juu Newala maji hayachimbwi, yanavunwa.
Kila kanisa lina tangi chini ya paa lake,
na tangi lina kufuli, na kufuli lina mzee wake.
Mwaka juzi la kina Furahini lilishiba mpaka Septemba,
sisi Waanglikana tukinunua ndoo kwa bodaboda,
na jioni tukiwasikia, ng'ambo ya ua,
wakihubiri mto wa maji ya uzima.
Mwaka uliofuata tulilipiza.
Hilo halimo kwenye muhtasari.

Zahanati haikuwa na tangi.
Mjamzito alikuja na ndoo yake kichwani,
uchungu ukimwambia haraka,
maji yakimwambia taratibu.

Basi tukachimba.
Odilo, fundi, Mkatoliki wa kigango cha bondeni,
alipima kwa kamba ya katani, akagawa majembe
bila kuuliza nani alibatizwa wapi.
Kwaya zetu zina sare saba;
udongo mwekundu ukatushonea ya nane.

Siku ya zege Furahini alipewa sala ya kufungua.
Aliombea mataifa, akaombea bunge, akakemea,
Odilo amefumbua jicho moja
akitazama saruji inavyoanza kushika.
Kisha naye akafanya ishara ya msalaba, mwiko mkononi,
tope likaruka, likamtua Furahini kwenye paji la uso.
"Haya," akasema, "na huu sasa ni ubatizo wa tatu."

Tulicheka mpaka Yese akakaa chini.
Mimi nilichelewa kucheka.
Ule wa kwanza nilihadithiwa: tulibebwa siku moja, mimi na yeye,
kwenye kisima kile kile cha mawe, shangazi mmoja.
Wa pili, alipozamishwa, sikwenda.
Wakati ule nilikuwa katibu wa kwaya pia.
Jina lake nililikata kwa rula,
mistari miwili, wino mwekundu, lisisomeke.
Bado linasomeka.

Sikumwomba radhi. Nilimpa kitambaa changu.
Akajifuta, akakirudisha kimekakamaa kwa saruji,
akaniuliza kama bado naimba sauti ya pili.

Jioni likaja suala la jina.
Wazee walituma ujumbe, kila mmoja kwa njia yake:
iandikwe, kungali kubichi, nani amejenga.
Tulibishana mpaka taa ya zahanati ikawaka.
Nikapendekeza tufuate alfabeti,
nikijua kwamba Anglikana huanza na A.
Hakuna aliyemwona kuku wa Bi Somoe,
Bi Somoe wa msikiti wa jirani, aliyetuazima toroli,
akikatiza katikati ya mfuniko bila haraka,
hatua kumi na moja, vidole vitatu vitatu mbele.

Odilo alishika mwiko asawazishe.
Akatazama. "Utatu," alisema.
"Amina," alisema Furahini, kabla hajajizuia.
Yese akasema kuku ni kuku.
Mwiko ukawekwa chini.

Mstari wa mwisho wa muhtasari, kwa mkono wangu:
Kuku alipita. Kikao kikafungwa.

Mvua ya kwanza ilianza Jumamosi asubuhi
na ikanyesha Jumapili nzima.
Nilikwenda na mwavuli wa mama kuangalia.
Tangi lilikuwa bado linanguruma utupu,
lakini nyayo zote kumi na moja
zilikuwa zimeshajaa.